Dibaga ikiondoka, programu ifanywe nini?

*"Shikamoo mwalimu. Ninaandika dibaga yangu ndogo (programu ya kuchunguza programu nyingine inapoendeshwa) kwa lugha ya C kwenye Linux, kama kazi ya kumalizia masomo. Kuweka vituo vya kuisimamisha programu, kusoma rejista na kwenda hatua kwa hatua vyote vinafanya kazi vizuri. Kinachonishinda ni kufunga. Programu ninayoijaribia ni seva ndogo ya stoo inayosikiliza poti 8080 na kuandika mauzo kwenye faili. Nikibonyeza q, dibaga inatuma SIGTERM (ishara ya kuiomba programu iondoke), inaita PTRACE_CONT, inasubiri mara moja kwa waitpid, kisha inaita PTRACE_DETACH na kutoka. Seva haifi. Nikiianzisha upya naambiwa anwani inatumika, na wakati mwingine ile ya zamani inakufa yenyewe baada ya dakika kadhaa ikiandika 'Trace/breakpoint trap'. Nikajaribu PTRACE_KILL, mara inaua, mara haiui. Nikaweka SIGKILL, ishara ya kuua kwa nguvu, ikaua kweli, lakini faili la mauzo likakosa mistari ya mwisho, na dibaga ikiwa bado wazi ps inaonyesha 'defunct'. Rafiki yangu anasema hiyo zombi ndiyo inayoshikilia poti. Ni ipi njia sahihi ya dibaga kuimaliza programu?"*

Marahaba, ndugu yangu, na hongera kwa kuchagua kazi ambayo wengi huikwepa. Nimelisoma swali lako mara mbili. Unadhani una tatizo moja la kuchagua ishara, ilhali una matatizo manne, na kila moja lina sababu yake: ishara yako inamezwa njiani, vituo vyako vinaachwa ndani ya programu, kifo cha programu hakithibitishwi, na data inapotea kabla haijafika kwenye faili. Yote manne yanatibika kwa mistari michache ya msimbo, ila ni lazima kwanza uone kinachotokea baina ya dibaga, kerneli (kiini cha Linux) na programu, kwa sababu ukibadilisha ishara bila kukijua hicho utaendelea kuhamisha tatizo kutoka mahali pamoja hadi pengine.

Nianze na zombi, kwa kuwa imesingiziwa. Mchakato unapokufa, kerneli hufunga mafaili na soketi zake zote na kurudisha kumbukumbu yake. Kinachobaki ni namba yake katika orodha ya michakato pamoja na taarifa ya namna ulivyokufa, vikimsubiri mzazi avisome kwa `waitpid`. Ni kama jina la marehemu lililobaki kwenye daftari la mtaa mpaka ndugu aje kuandikisha kifo: jina lipo, lakini nyumbani hayupo mtu. Zombi ya kawaida, basi, haiwezi kushikilia poti 8080. Upo mfano mmoja unaofanana na zombi na usio zombi kamili, nao ni pale uzi (thread) mkuu wa programu ulipojiondokea huku nyuzi nyingine zikiendelea kufanya kazi. Hapo `ps` huonyesha `Zl`, na mafaili pamoja na soketi vinabaki wazi kweli. Kama seva yako ina uzi mmoja tu, hilo halikuhusu.

Ni nani basi anayeshikilia poti? Andika `ss -ltnp` nawe utamwona kwa namba yake. Katika jaribio lako la kwanza utaikuta seva ya zamani ikiwa hai na inaendelea kusikiliza, maana haikuuawa kabisa. Katika jaribio la SIGKILL huenda usikute mtu yeyote anayesikiliza, na bado `bind` ikakataa kwa muda wa kama dakika moja. Hiyo ni hali ya TIME_WAIT: seva ilipokufa ikiwa na mawasiliano yaliyo wazi, kerneli iliyafunga kwa niaba yake, na Linux huyahifadhi mawasiliano ya namna hiyo kwa sekunde 60 ili pakiti zilizochelewa zisichanganywe na mawasiliano mapya. Dawa yake iko ndani ya seva, nayo ni kuweka SO_REUSEADDR kabla ya `bind`. Dibaga haina kosa hapo, na usipoteze siku ukilitafuta.

Sasa tuje kwenye kiini. Programu inapokuwa chini ya dibaga kupitia `ptrace`, yaani wito wa Linux wa kufuatilia programu nyingine, ishara haziifikii moja kwa moja. Kila ishara inayokuja, isipokuwa SIGKILL, husimamishwa mlangoni: kerneli inaigandisha programu, inaiarifu dibaga kupitia `waitpid`, halafu inasubiri dibaga iamue kama ishara hiyo ipelekwe, ibadilishwe au itupwe. Uamuzi huo hutolewa kupitia hoja ya nne ya `PTRACE_CONT`. Ukiweka namba ya ishara, ishara inapelekwa. Ukiweka sifuri, umeitupa. `PTRACE_DETACH` nayo hufuata kanuni hiyohiyo.

Fuatilia ulichokuwa ukikifanya. Seva ilikuwa imesimama kwenye kituo. Ukatuma SIGTERM, ikawekwa kwenye foleni, kwa sababu programu iliyogandishwa haipokei kitu. Ukaita `PTRACE_CONT` ukiwa na sifuri, seva ikapumua kidogo, ikakutana na SIGTERM mlangoni, ikagandishwa tena. `waitpid` yako ikarudi. Hapo ndipo ulipoteleza: kurudi kwa `waitpid` ulikuchukulia kuwa ni taarifa ya kifo, kumbe ilikuwa ni kerneli inakuuliza, "Kuna SIGTERM hapa, niipitishe?" Ukajibu kwa `PTRACE_DETACH` yenye sifuri, yaani "itupe, uiache programu iende zake." Seva ikatii. Hii ndiyo hitilafu ninayokutana nayo mara nyingi kuliko zote katika dibaga za wanaoanza, na haina uhusiano na uzembe. Inatokana na kwamba `waitpid` hutumika kwa mambo mawili tofauti, kusimama na kufa, na vitabu vingi huonyesha lile la kufa peke yake.

Kitanzi sahihi cha kusubiri kinafanana na hiki:

```
for (;;) {
    if (waitpid(mtoto, &hali, __WALL) < 0) break;
    if (WIFEXITED(hali) || WIFSIGNALED(hali)) break;
    if (WIFSTOPPED(hali)) {
        int ishara = WSTOPSIG(hali);
        if (ishara == SIGTRAP) ishara = 0;
        ptrace(PTRACE_CONT, mtoto, 0, ishara);
    }
}
```

Kuna mambo mawili tu yanayoruhusu kutoka ndani ya kitanzi hiki kwa amani: `WIFEXITED`, yaani programu imeondoka yenyewe, au `WIFSIGNALED`, yaani imeuawa na ishara. Kusimama hakuhesabiwi. Ishara iliyokuja inapitishwa kama ilivyo, isipokuwa SIGTRAP, ishara ya kufika kwenye kituo, ambayo kwa kawaida ni mali ya dibaga yenyewe. Nimekiandika bila kikomo cha muda ili kisomeke kwa urahisi. Katika dibaga yako tumia `WNOHANG` na kusubiri vipande vifupi vifupi, ili upate nafasi ya kuhesabu sekunde na kukata tamaa kwa wakati unaofaa.

Tatizo la pili ni ile "Trace/breakpoint trap". Unakumbuka jinsi unavyoweka kituo kwenye prosesa za x86: unasoma baiti moja ya maelekezo, unaihifadhi, kisha unaandika 0xCC, elekezo la kusimama, mahali pake. Baiti hiyo iko ndani ya kumbukumbu ya programu, si ndani ya dibaga yako. Dibaga ikiondoka bila kuirudisha ile ya asili, 0xCC inabaki imelala palepale. Seva itaendelea vizuri mpaka mteja fulani aombe ukurasa unaopitia funksheni ile, ikanyage 0xCC, kerneli itume SIGTRAP, na kwa kuwa sasa hakuna dibaga ya kuipokea, programu inakufa. Ndiyo maana kifo kilichelewa kwa dakika kadhaa. Ukiianzisha seva kutoka kwenye shell na ukaiona namba 133 ikirudi, ujue ni 128 pamoja na 5, na 5 ndiyo namba ya SIGTRAP. Kwa kanuni hiyohiyo 137 ni SIGKILL na 143 ni SIGTERM. Jizoeze kuzisoma, zitakuokolea muda mwingi.

Kurudisha baiti peke yake hakutoshi kama programu imesimama kwenye kituo wakati huo. 0xCC ikishatekelezwa, rejista ya `rip`, inayoonyesha elekezo linalofuata, huwa imekwisha kusogea baiti moja mbele. Ukiirudisha baiti ya asili na kuiachia programu bila kuirudisha `rip` nyuma kwa moja, programu itaanza kutekeleza kutoka katikati ya elekezo, na matokeo yake ni SIGILL au SIGSEGV (ishara za programu kuanguka), au hesabu mbovu isiyopiga kelele yoyote, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote. Mpangilio, basi, ni huu: rudisha baiti zote za vituo, rudisha `rip` kama umesimama juu ya kituo, ndipo uendelee na lolote lingine.

Hapa kuna mtego ambao hata dibaga zilizokomaa kidogo hunasa. Ukiamua kuiomba programu iondoke kwa SIGTERM, itabidi iendeshe msimbo wake wa kufunga: kuandika mauzo yaliyobaki, kufunga mafaili, kuaga wateja. Kama vituo bado vipo katika msimbo huo, programu itasimama tena humo humo, na dibaga inayosubiri kifo itakuwa imeiwekea vizuizi kwenye njia ya kutokea. Kitanzi nilichokuonyesha kingeitupa SIGTRAP hiyo na kuiendeleza programu ikiwa na `rip` isiyo sahihi. Kwa hiyo vituo viondolewe kwanza, ndipo ombi litumwe.

`PTRACE_KILL` ina jibu fupi: iache. Mwongozo wa `ptrace` wenyewe unaagiza isitumike, kwa sababu inahitaji programu iwe imesimama mahali pa kupokea ishara. Isipokuwa hapo, wito unaweza kurudi kana kwamba umefanikiwa na programu isife. Ndivyo ilivyokutokea: ulipokuwa kwenye kituo ilifanya kazi, seva ilipokuwa inakimbia haikufanya kitu. Ukitaka kuua, tuma `kill(mtoto, SIGKILL)`. SIGKILL haisimamishwi mlangoni na wala haihitaji `PTRACE_CONT`. Huua hata mchakato uliogandishwa na dibaga. Baada ya hapo endelea na kitanzi kilekile mpaka upate `WIFSIGNALED`, na 'defunct' itatoweka, kwa kuwa utakuwa umekiandikisha kifo. Usitume tena ishara kwa namba hiyo baada ya kuisoma taarifa ya kifo, maana tangu sekunde ile kerneli iko huru kuigawa namba kwa mchakato mwingine.

Faili linalokosa mistari ya mwisho linahitaji subira kidogo, kwa sababu maelezo yanayozoeleka, kwamba SIGKILL huharibu mafaili, hayako sawa. Data ambayo seva imeshaikabidhi kwa kerneli kupitia `write` haipotei kwa kifo cha mchakato. Kerneli itaipeleka kwenye diski hata kama mwandishi amekufa, na hatari yake ni umeme kukatika. Kilichopotea kwako ni kile kilichokuwa bado kwenye bafa ya `fprintf` ndani ya kumbukumbu ya seva yenyewe. Maktaba ya C ikiona unaandika kwenye faili badala ya terminali, hukusanya maneno kwanza, mara nyingi mpaka baiti 4096, ndipo iyatume kwa mkupuo. Mistari ya mauzo ni mifupi, kwa hiyo makumi ya mistari yanaweza kukaa humo yakisubiri.

Sasa sikiliza jambo ambalo huwashangaza wanafunzi wangu wengi: SIGTERM peke yake isingekusaidia. Programu isiyo na funksheni ya kupokea SIGTERM huuawa nayo papo hapo, bila kumwaga bafa na bila kupita kwenye `atexit`. Upole wa SIGTERM uko katika kwamba *inaweza* kupokelewa; kama hakuna anayeipokea, kwa upande wa faili lako haina tofauti na SIGKILL. Kwa hiyo iongezee seva funksheni ya kupokea ishara, na ndani yake usiite `fclose` wala `printf`, kwani ishara inaweza kuikatiza programu ikiwa katikati ya `printf` nyingine na kuiacha imejifungia. Weka alama moja tu ya aina ya `volatile sig_atomic_t`, kisha kitanzi kikuu cha seva kiione alama hiyo, kifunge faili na kutoka kwa utaratibu. Kwa kumbukumbu za fedha ningekwenda mbali zaidi na kuita `fflush` baada ya kila muuzo, kwa kuwa seva halisi hufa kwa sababu nyingi ambazo hakuna dibaga ndani yake.

Umeniuliza njia sahihi ni ipi, na sitakuficha kwamba wenye uzoefu hawakubaliani. GDB, ukiianzisha programu kwa `run` kisha ukaandika `kill` au ukaondoka, huiua bila kuiomba. Kuna hoja nzito nyuma ya ukali huo: unayeidibagi programu kwa kawaida unashuku kuwa ni mbovu, na kuiomba iondoke kwa utaratibu ni kuipa ruhusa ya kuendesha msimbo zaidi, pengine kuandika juu ya faili zima kumbukumbu ambayo imekwisha kuharibika. Kwa upande wa pili, vihariri vingi vya siku hizi vinavyozungumza na dibaga kupitia itifaki ya DAP (Debug Adapter Protocol) vimetenganisha maombi mawili, `terminate` la kuomba na `disconnect` la kukata, na kitufe cha kusimamisha kinaweza kuomba kwanza, kikibonyezwa mara ya pili kinakata.

Mimi ningekushauri uangalie programu imesimama kwa sababu gani. Kama imesimama kwa SIGSEGV, SIGABRT, SIGBUS au SIGILL, usiiombe; kumbukumbu yake haiaminiki, tuma SIGKILL na umalize. Kama imesimama kwenye kituo ulichoweka mwenyewe, au ulikuwa umeisimamisha tu ili uitazame, ondoa vituo, tuma SIGTERM, ipitishe mlangoni, subiri, na muda ukiisha tuma SIGKILL. Sekunde 5 zinatosha kwa seva ya ukubwa wa yako. Ili upate kipimo, `docker stop` husubiri sekunde 10 na systemd kwa kawaida husubiri sekunde 90 kabla ya kuua. Mtu aliyekaa mbele ya dibaga hana subira ya sekunde 90, wala hapaswi kuwa nayo. Mpe pia mtumiaji amri mbili zilizo wazi, moja ya kumaliza kwa kuomba na nyingine ya kuua, ili asilazimike kubahatisha ni ipi itatekelezwa.

Kuna swali lililo kubwa kuliko la ishara, na ningependa dibaga yako ilibebe tangu inapoanza: programu hii nimeizaa au nimeikuta? Ile uliyoianzisha mwenyewe kwa `fork`, `PTRACE_TRACEME` na `execve` ni mwanao, na dibaga haipaswi kuondoka ikaiacha inazurura. Ile uliyoishika kwa `PTRACE_ATTACH` au `PTRACE_SEIZE` ilikuwa na maisha yake kabla hujafika. Hapo dibaga ni mgeni, na mgeni anapoondoka huiacha nyumba kama alivyoikuta. GDB hufuata mgawanyo huohuo: iliyoanzishwa inauawa, iliyoshikwa inaachiwa. Weka alama hiyo kwenye muundo wa data wa dibaga siku ya kwanza, na `q` iisome kabla ya kufanya lolote.

Kwa mwana, kuna bima ambayo ningeitaka uiweke hata kabla ya mengine yote: `PTRACE_O_EXITKILL`, iliyopo tangu Linux 3.8. Ukiiweka kwa `PTRACE_SETOPTIONS` mara tu baada ya kusimama kwa kwanza, kerneli itatuma SIGKILL kwa programu wakati wowote dibaga itakapotoweka, hata ikiwa imeanguka kwa kosa lake au umeifungia dirisha la terminali. Bila bima hiyo, desturi ya Linux ni kuiachia programu iendelee, ikiwa na 0xCC zake tumboni. Ukija kuhamishia kazi yako kwenye Windows, kumbuka kwamba huko desturi ni kinyume: dibaga ikifa, programu inakufa nayo, mpaka uite `DebugSetProcessKillOnExit` kukataa. Kwa programu uliyoikuta, bima hii usiiweke kamwe.

Kuachia programu uliyoikuta kuna ugumu wake pia. `PTRACE_DETACH` hukubaliwa tu programu ikiwa imesimama. Ikiwa inakimbia utarudishiwa ESRCH, kosa linalosema mchakato haupo ingawa unauona kwa macho yako. Lazima uisimamishe kwanza. Ukiisimamisha kwa SIGSTOP, hakikisha umeipokea SIGSTOP hiyo kwa `waitpid` na kuitupa kabla ya kuachia, la sivyo itaifikia programu baadaye na kuiacha imeganda, `ps` ikionyesha `T`. Kwa sababu hiyo ninapendelea `PTRACE_SEIZE` pamoja na `PTRACE_INTERRUPT`, ambayo husimamisha bila kuacha ishara nyuma. Katika ofisi moja niliyofanyia kazi tuliwahi kuachia hivi mchakato uliokuwa ukihudumia watu, vituo vikiwa vimebaki ndani; ulikufa usiku, na asubuhi kila mtu aliulaumu mtandao. Tangu hapo, kabla sijaachia chochote, huhesabu vituo vilivyobaki na sitoki mpaka iwe sifuri.

Seva yako ikianza kuzaa michakato mingine, utakutana na mambo mawili. Mtoto aliyezaliwa kwa `fork` hurithi nakala ya kumbukumbu pamoja na 0xCC zilizomo, kwa hiyo asipokuwa chini ya dibaga atakufa kwa SIGTRAP. Tumia `PTRACE_O_TRACEFORK` ili usimamishwe anapozaliwa, msafishe, ndipo umwachie. Pili, kumuua mzazi hakuwaui watoto, nao ndio watakaobaki na soketi ya poti 8080 mkononi. Mweke mwanao katika kundi lake kwa `setpgid(0, 0)` kabla ya `execve`, kisha utume ishara kwa kundi zima kwa kutumia namba hasi. Ukifanya hivyo, umkabidhi pia terminali kwa `tcsetpgrp` kama anasoma kutoka kwenye kibodi, vinginevyo atasimamishwa na SIGTTIN nawe utadhani dibaga imekwama. Watoto wanaojitenga kwa `setsid` hawakamatwi kwa kundi. Wao hukamatwa kwa cgroup, kundi la michakato linalosimamiwa na kerneli, ambayo tangu Linux 5.14 ina faili la `cgroup.kill`. Kwa kazi ya kumalizia masomo sioni haja ya kufika huko.

Zipo hali ambazo sitaki uzitatue peke yako. Ukituma SIGKILL na mchakato ukabaki, na `ps` ikaonyesha `D`, programu imelala ndani ya kerneli ikisubiri kifaa au diski ya mtandaoni, na ishara yako itangoja mpaka usingizi huo uishe. Hakuna mstari wa msimbo wa dibaga utakaoimaliza; muone msimamizi wa mashine ukiwa na nakala ya `dmesg`, kwani huenda diski ndiyo inayougua. Vilevile usijaribie dibaga yako kwenye seva inayohudumia watu, hata kwa nia ya kuitazama tu, bila kukaa meza moja na anayeisimamia. Kuigandisha kwa sekunde chache kunaweza kukata miamala ya watu. Na kama baada ya marekebisho haya seva yenye nyuzi nyingi bado inakataa kufa kwa utaratibu, keti na msimamizi wako wa mradi, mpitie pamoja mpangilio wa matukio kwenye karatasi, kwani kwa nyuzi nyingi taarifa ya kifo cha uzi mkuu hucheleweshwa mpaka taarifa za nyuzi nyingine zisomwe, na macho mawili mara nyingi hayatoshi kuiona.

Kabla ya kufika kwake, jipime. Iendeshe dibaga yako ndani ya strace, chombo kinachoandika miito ya programu kwa kerneli, kwa amri `strace -e trace=ptrace,wait4,kill -o matukio.txt ./dibaga`, bila kuweka `-f`, kwa sababu mchakato mmoja hauwezi kuwa na wafuatiliaji wawili na `PTRACE_TRACEME` ya mwanao itakataliwa. Weka vituo viwili, acha seva isimame kwenye kimoja, bonyeza q, kisha ulisome faili la `matukio.txt` kutoka mwisho kurudi juu. Mstari wa mwisho wa `wait4` uonyeshe ama `WIFEXITED`, seva ikiwa imeondoka yenyewe baada ya SIGTERM, ama `WIFSIGNALED` na SIGKILL, sekunde 5 zikiwa zimepita. Ukikuta `WIFSTOPPED` ndiyo ya mwisho, dibaga imeondoka kabla ya mazishi, na hitilafu iko kwenye kitanzi. Rudia jaribio hilo ukiiua dibaga yenyewe kwa SIGKILL kutoka terminali nyingine, uone kama bima inafanya kazi, na `ss -ltnp` isionyeshe tena mtu kwenye poti 8080.